Mwendo wa Gaju

Goma, Majengo
tarehe 27 Aprili 2025

Mama,

Tangu Pasaka nakupigia simu na hupokei. Mjomba Fortunat ananiambia uko mzima, unakula, unaenda misa ya asubuhi, ila simu ikilia unaigeuza kifudifudi mezani na kuendelea na kazi yako. Basi nimeamua kukuandikia. Miaka yote uliyokuwa karani wa parokia ulituambia kwamba jambo zito linaandikwa, kisha mtu analala nalo usiku mmoja kabla ya kulituma. Hili nimelala nalo zaidi ya usiku mmoja.

Ile kaseti niliipata ndani ya sanduku la nyuzi za gitaa la besi la Papa, chini kabisa. Nilidhani nakuletea furaha. Miaka mingi imepita hatujaisikia sauti yake humu ndani, nami nikaazima redio ya zamani ili uisikie. Alikuwa peke yake na besi yake, bila ngoma, anaimba polepole kwa Kinyarwanda. Ubeti wa pili haujaisha, ukasimama, ukaepua maharagwe ambayo hayajaiva, ukasema: "Ule mwanamuke nilimuvumilia wakati baba yako iko muzima. Sasa unamurudisha mu nyumba yangu?" Kesho yake ukapanda mashua ya Bukavu.

Mama, mimi sikujua. Unajua Kinyarwanda changu ni cha salamu na sokoni tu. Nilimpelekea Niyonsenga, mpiga gitaa wetu, anifasiri yale maneno. Papa anaimba hivi: Gaju, unayetembea kama unakanyaga umande. Gaju wa shingo ndefu, macho yako yananiacha bila usingizi. Siku uliyopanda mashua uligeuka ukanitazama. Sikukuita, kwa sababu ningekuita ungerudi. Halafu kuna mstari wa mwisho ambao hata Niyonsenga haukumwingia: Nenda mbele, unifungulie mlango. Alinitazama kwa huruma akasema: "Muzee alikuwa anamupenda huyu mutu sana."

Sasa nikuambie ukweli wote. Albamu yangu ya kwanza ina nyimbo tisa, na zote zimetoka kwenye huo mmoja. Wenceslas, yule wa saksafoni aliyekulia kwenye fanfare, bendi ya matarumbeta ya kanisa, anaweka jazi juu yake. Mimi naweka soul, nyimbo za watu weusi wa Amerika ambazo Papa alizipenda, na chini kabisa unabaki ule mwendo wa besi yake. Nikiutoa, zile nyingine nane zinabaki bila miguu. Damascène, mwenye studio kule Munigi, ananingoja hadi mwisho wa Juni.

Huyo Gaju ni nani, Mama? Nauliza kwa sababu nataka kujua, sitaki kukuumiza.

Binti yako,
Nishimwe


Bukavu
tarehe 4 Mei 2025

Mwanangu Nishimwe,

Nimeipokea barua yako ya tarehe 27 Aprili kutoka kwa mtu wa mashua, ikiwa imefungwa vizuri. Najibu kwa utaratibu.

Kwanza, afya yangu ni nzuri. Mguu unaniuma wakati wa mvua tu.

Pili, swali lako. Gaju ni nani, mimi sijui. Mwaka wetu wa kwanza wa ndoa baba yako aliuimba wimbo huo kila alipobadilisha nyuzi. Kinyarwanda changu kilikuwa kidogo, lakini jina la mtu ni jina la mtu. Nikamuuliza. Alicheka, kisha akatoka uani. Mara nyingine nikamuuliza kwa upole, tumelala, akaniambia: "Mama, kuna mambo mwanaume haambiaki bibi yake." Sikuuliza tena. Naye hakuuimba tena mbele yangu, na hilo ndilo lililonithibitishia.

Lakini siku moja, wewe ukiwa mgongoni mwangu, tulikwenda bandarini kumpokea Fortunat. Mashua iliyokuwa ikiondoka ilikuwa ya Bukavu. Baba yako aliitazama mpaka ikawa ndogo, na nilimsikia anauimba wimbo ule ule kooni, mdomo umefungwa. Hapo nikaelewa kwamba mwanamke mwenyewe yuko upande huu, karibu na kwetu. Labda nimekutana naye sokoni, labda tumepeana amani kanisani. Hadi leo nikimwona mwanamke mrefu wa umri wangu hapa Bukavu, naitazama shingo yake. Unaona ujinga wangu. Baba yako alikuwa mtu mwema, hakunipiga, hakulala nje, na ndiyo maana iliniuma zaidi.

Tatu, albamu yako. Sikukatazi muziki. Nilikuuguza ulipovimba vidole kwa besi ile, na nilisimama kanisani waliposema msichana hapigi besi. Lakini kuna mambo nimeyameza. Siku walipoleta mahari kwa baba yangu watu wetu walinicheka, nikameza. Hili la pili sitalimeza mbele ya watu. Wimbo wa mwanamke yule ukitoka, na jina la baba yako likiwa juu yake, mimi Majengo sirudi. Nitabaki hapa kwa Fortunat.

Nimelala na barua hii usiku mmoja, nimeiona ni sawa.

Mama yako,
Clotilde


Goma, Majengo
tarehe 9 Mei 2025

Shangazi Mukabalisa, shikamoo,

Mama Gisèle amekuja na samaki wake wa chumvi, nami nimemwomba akirudi huko Vitshumbi akubebee barua hii pamoja na sabuni na majani ya chai. Amenicheka, anasema wewe ndiye mwanamke wa mwisho nchini anayepokea barua. Nimemwambia simu yako ya tatu imeanguka ziwani na mume wako amekataa kuilisha Ziwa Edouard simu ya nne.

Sisi tuko. Mama amesafiri kidogo, yuko Bukavu kwa Mjomba Fortunat, mguu unamsumbua. Mimi niko kwenye albamu yangu. Shangazi, nikuelezee kidogo, maana wewe ndiye uliyebaki wa kunisimulia mambo ya Papa. Nimepata kaseti yake. Kuna mwendo wa besi ambao sijausikia kwa mtu mwingine yeyote. Anapiga noti tatu zikiwa zimesimama vizuri, halafu ya nne anaichelewesha na kuiangusha chini, kama mtu aliyekosa ngazi gizani. Kila mzunguko, pale pale. Janvier, mpiga ngoma wetu, ananiambia: "Muzee alikosea hapa. Tunyooshe tu." Nimekataa. Mtu hakosei mahali pamoja mara zote hizo. Lakini sijui alikuwa anafanya nini, na swali hilo linanifuata hadi nikiwa naosha vyombo.

Jambo la pili ni jina. Katika wimbo anamtaja Gaju. Najua kuna mambo ambayo mtoto hayaulizi, na ukiona halifai nijibu, uache tu, nitaelewa. Lakini kama unaweza, niambie alikuwa nani kwa Papa na ilikuwaje wakaachana. Nimeshakuwa mtu mzima, nina miaka ishirini na minane. Siwezi kumhukumu marehemu.

Msalimie mume wako. Mwambie ile sabuni ni ya kwako, asiende kufulia nyavu.

Mtoto wako,
Nishimwe


Vitshumbi
tarehe 21 Mei 2025

Nishimwe mwanangu,

Marahaba. Sabuni imefika, chai imefika, na nyavu hazitaiona. Sisi huku tunapambana na viboko. Juzi mmoja alipita uani akala mboga zangu zote, mume wangu akamwangalia kupitia dirishani kama anayemwangalia padri. Nikamwambia toka umfukuze, akajibu yule ana njaa yake na mimi nina watoto wangu. Ndiyo wanaume wa Vitshumbi hao.

Mambo ya noti mimi sijui, hayo waulize wenzako wa studio. Lakini Gaju! Kumbe kaka yangu Havugimana alimwimba hadi kwenye kaseti? Nilicheka peke yangu nikasahau chungu motoni. Na wewe unauliza kwa woga hivyo, kama vile kuna aibu. Kwetu kila mtu alimjua Gaju. Tulimpenda sote. Alikuwa mzuri ajabu, mrefu, mwekundu wa kung'aa, akipita njiani watu waligeuza kichwa. Na alikuwa na adabu, hakuwa na kelele. Baba yako ndiye alikuwa wake. Gaju hakumsikiliza mtu mwingine, hata muzee wetu mwenyewe, babu yako. Alipougua, baba yako alilala naye siku zote zile, bibi yako akamfuata na blanketi huko huko.

Alizaa mara mbili. Wa kwanza tulimpoteza njiani, tulipokimbia Masisi wakati wa vita. Wa pili alikuwa wa kiume, alizaliwa baada ya sisi kufika Munigi, na huyo alibaki kwetu mama yake alipoondoka. Alifanana na baba yako kwa ukaidi, nakuambia, ingawa hiyo haiwezekani.

Kuondoka kwake kulileta maneno makubwa. Muzee hakutaka. Yeye na baba yako hawakusemeshana mwezi mzima. Lakini baba yako alikuwa ameshaamua kwamba Gaju atakwenda Bukavu, na alipoamua kitu unajua alivyokuwa. Alimsindikiza mwenyewe hadi bandarini. Mimi nilikuwepo. Mashua ilipoondoka Gaju aligeuka akamwangalia, na kaka yangu, mwanaume mzima mwenye ndevu, machozi yakamtoka mbele ya wabeba mizigo. Alirudi nyumbani hakula hadi kesho yake jioni.

Nakuomba kitu kimoja tu. Haya usimsimulie mama yako. Kwetu si vizuri mke ayasikie. Hata baba yako hakuwahi kumwambia, na alifanya vizuri.

Nakutumia tilapia tatu kwa Gisèle. Hesabu zikifika, maana Gisèle namjua.

Shangazi yako,
Mukabalisa


Goma, Majengo
tarehe 29 Mei 2025

Shangazi,

Tilapia zimefika mbili. Gisèle anasema ya tatu iliharibika njiani.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama barabarani, na magari yakanipigia honi. Sikujua nilie au nikushukuru. Umeandika kwa furaha hivyo, kama unayesimulia harusi, nikajiuliza kama mambo haya ni ya kawaida upande wetu na mimi peke yangu ndiye nisiyeambiwa. Shangazi, kwa hiyo nina kaka.

Siwezi kukuficha tena. Mama hakusafiri kwa sababu ya mguu. Aliondoka nyumbani siku niliyoipiga ile kaseti. Amebeba jina la Gaju moyoni tangu mwaka wa kwanza wa ndoa yake. Alimuuliza Papa, Papa akacheka na kutoka nje. Hadi leo anatafuta shingo ya huyo mwanamke kwenye benchi za kanisa kule Bukavu. Ameniandikia kwamba nikiutoa huo wimbo, yeye harudi tena Majengo. Na mimi sina mzazi mwingine. Kuutoa siwezi, na kuuacha bila kujua mwisho wake pia siwezi.

Habari ya huyo kijana sijamwambia. Nitaanzaje? Lakini tangu barua yako ifike nimekuwa mtu wa ajabu. Nawakodolea macho wanaume wote wa miaka thelathini hapa mjini. Kuna dereva mmoja wa pikipiki pale rond-point, kwenye mzunguko wa barabara, mkaidi kweli, ana paji la uso kama la Papa. Jana nilimwuliza mama yake anaitwa nani. Alidhani namtaka, akaanza kunieleza kwamba ameshaoa.

Sitaki kumdai mtu chochote. Nataka kumwona tu, nijue kama anapenda muziki, kama ana vidole vile vya Papa. Shangazi, niambie. Huyo mtoto wa Gaju anaitwa nani, na yuko wapi sasa hivi?

Nishimwe


Vitshumbi
tarehe 7 Juni 2025

Nishimwe mwanangu,

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nikakaa chini, mara ya tatu nikamwita mume wangu ili awe shahidi. Umeniuliza huyo kijana yuko wapi. Mwanangu, tulimla. Tulimchinja siku ya ubatizo wako, pale Munigi. Wewe hukuonja maana hukuwa na meno, lakini mama yako alipewa maini, na alisema ni matamu.

Gaju alikuwa ng'ombe.

Ninyi watoto wa Majengo maziwa mnayajua kutoka kwenye pakiti, na huyo Niyonsenga wako naye namweka humo humo. Babu yako alikuwa mfugaji. Kwetu ng'ombe mzuri anasifiwa kwa jina, kwa shingo, kwa macho, kwa mwendo, na anayempenda anamwimbia jioni akirudi kutoka malishoni. Hata mwanamke hasifiwi hivyo. Mimi sijawahi kusifiwa hivyo, muulize mume wangu. Kwa hiyo uliponiandikia jina lake, haikunijia kabisa kwamba kuna mtu duniani anayeweza kumdhani ni mtu. Tazama tulivyoandikiana mwezi mzima, kila mmoja akizungumza na mwenzake ambaye hayupo.

Nimecheka hadi nikatokwa na machozi, kisha nikafika pale uliposema mama yako anatafuta shingo kanisani, na kicheko kikaniishia. Masikini Clotilde. Sasa nisikilize vizuri.

Tulipokimbia Masisi tulikuwa na zizi zima. Wengine waliporwa, wengine walikufa njiani. Usiku tuliovuka bonde, Gaju aliteleza akavunjika mguu wa nyuma. Muzee akasema tumwache. Baba yako alikataa. Alibaki naye pale chini, akamfunga vijiti mguuni, na baada ya siku nyingi tukawaona wanaingia Munigi, kijana mbele na ng'ombe nyuma. Mguu ule haukunyooka tena. Hatua tatu alikanyaga vizuri, ya nne akachelewa na kushuka. Usiku tukiwa tumelala tulimjua kwa mlio wake kwenye mawe ya volkano. Nilikuambia mambo ya noti siyajui. Nilikuwa nayajua, ila sikujua kwamba ndiyo hayo.

Yeye peke yake ndiye aliyebaki, yeye na yule mtoto wake aliyezaliwa baadaye. Kisha baba yako akampenda binti wa watu wa Bukavu. Muzee akasema watapelekewa mbuzi na pombe, vita vimetumaliza, wataelewa. Baba yako akasimama mbele ya wazee wote. Nakumbuka maneno yake mpaka leo: "Mutoto ya batu haiwezi kuolewa na mbuzi. Ile kitu napenda zaidi ndiyo itaenda." Na Gaju akapanda mashua.

Kwa nini hakumwambia mama yako? Kwetu mwanaume hamtajii mke wake ng'ombe aliyemtolea mahari. Ni kama kumwonyesha bei yake. Angemsifu Gaju mbele yake, mama yako angedhani anamdai. Kwa hiyo alicheka akatoka nje, na ilikuwa heshima. Sisi wa kwetu tumekaa ndani ya heshima hiyo, na mama yako amekaa nje yake, kwenye baridi.

Nilikuomba usimwambie. Naliondoa ombi hilo. Kaka yangu ameshakufa, na kunyamaza kwake hakumfai mtu tena.

Na tilapia zilikuwa tatu.

Shangazi yako,
Mukabalisa


Goma, Majengo
tarehe 13 Juni 2025

Mama,

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya Shangazi Mukabalisa. Nilitaka kukueleza mwenyewe, nikaandika kurasa mbili, nikalala nazo, asubuhi nikazichana. Yeye alikuwepo, mimi sikuwepo. Isome ukiwa umekaa.

Ukishaisoma, nina swali, na ni la kuuliza kweli. Siku ile walipoleta mahari kwenu, siku unayosema watu wenu walikucheka, ni ng'ombe gani alishuka kwenye ile mashua?

Jana nilikwenda studio peke yangu. Nilizima taa, nikapiga ule mwendo wa Papa pale pale Munigi, labda si mbali na mahali walipokuwa wanalala. Miaka mingi nimeupiga kama muziki. Jana nilisikia kwato. Niliona aibu kwa zile siku zote nilizosimama na kubishana na Janvier kuhusu mdundo, kumbe ni mtu na mnyama wanatembea gizani na mmoja wao ana mguu mbovu.

Lakini hayo hayabadilishi nilichotaka kukuambia. Nimemwambia Damascène asipeleke kitu popote. Hata kama Gaju ni ng'ombe, miaka uliyoumia ni ya kweli, na hakuna barua inayoweza kukurudishia. Ukisema wimbo usitoke, hautatoka, na zile nane nitazitafutia miguu mingine au nitaziacha. Albamu naweza kuanza nyingine. Nyumba bila wewe nimeijaribu tangu Pasaka, na sikuipenda.

Nangoja jibu lako tu.

Nishimwe


Bukavu
tarehe 24 Juni 2025

Mwanangu Nishimwe,

Nimeipokea barua yako ya tarehe 13 Juni, pamoja na ya wifi yangu Mukabalisa. Nimechelewa kujibu. Nilipanda kwanza milimani Kabare pamoja na Fortunat, kwenye uwanja wa baba yetu, kwa sababu nilitaka kusimama pale kabla ya kuandika.

Umeniuliza ni ng'ombe gani. Alikuwa mmoja tu, mwekundu, na alikuwa kiwete. Nilikuwa ndani, nachungulia kwenye ufa wa mlango, kwa kuwa msichana anayeposwa hakutakiwa kuonekana. Nikasikia wajomba zangu wananong'ona. Mmoja akasema kwa sauti: "Batu ya Goma batuleteye ile yenye walitaka kutupa." Watu wakacheka. Baba yangu alimshika ng'ombe shingoni akamwingiza zizini. Nilimpenda baba yako, kwa hiyo nilikwenda naye. Lakini niliingia kwenye ndoa nikijua kwamba aliwaacha wazima nyumbani kwao, akanitolea mimi mbovu. Hilo ndilo nililokuambia kwamba nililimeza.

Sasa naona nilikuwa na machungu mawili maisha yangu yote. Moja lilikuwa la yule kiwete, jingine la yule mwanamke mzuri. Niliyaweka mbali mbali, sikuwahi kuyagusanisha, na yalikuwa ng'ombe mmoja.

Nikuambie kitu ambacho hata baba yako hakukijua. Kabla ya harusi mama yangu alisema nimekonda, akawa ananipa maziwa asubuhi na jioni. Zizini kwetu wakati ule aliyekuwa na maziwa ni huyo tu. Mimi mwenyewe nilimpelekea maganda ya ndizi. Alikuwa akinitazama sana, na nilidhani ananitazama kwa sababu ya ndizi. Nimelia pale Kabare, Fortunat akajifanya anakagua ukuta.

Na mstari ule wa mwisho ambao rafiki yako haukumwingia, mimi sasa umeniingia. Alimtuma atangulie. Mlango alioufungua ni ule niliokuwa nachungulia.

Baba yako angesema neno moja tu. Namkasirikia bado kidogo, usidhani yameisha. Heshima gani hiyo ya kumwacha mtu anaumia? Lakini hata mimi ningeuliza mara ya tatu, na sikuuliza, kwa kiburi changu. Nitakapokuja tutakwenda wote makaburini, na nitamwambia yote mawili.

Kuhusu wimbo. Niwekee kiti mbele siku ya kuuzindua, na cha Mukabalisa karibu yangu, hata kama atacheka muda wote. Mashua yangu ni ya Alhamisi, uje bandarini.

Na mwambie Janvier asinyooshe chochote. Ile noti ya nne aiache ichelewe na kushuka, kwa maana ndivyo alivyoingia uani kwetu.

Mama yako,
Clotilde